Kidawa na Wageni Wanene

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilala kwenye mikeka na kugombana na majirani zao, Pimbi mmoja aitwaye Kidawa aliishi juu ya kilima cha mawe. Pimbi mnamjua? Yule anayefanana na sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa na mume wake, Makame, na watoto watatu waliozaliwa juzi tu, hata majina hawajapewa.

Mwaka huo jua liliwaka vibaya. Bwawa la Kiboko likakauka, zikabaki nyufa tupu. Kiboko akamchukua rafiki yake Kifaru, wakatoka kutafuta mahali pa kuhamia. Wakazunguka weee! Kwa Nyani wakasema pana kelele. Kwa Mchwa wakasema pana vumbi. Mwishowe wakapanda kilima cha Kidawa, wakihema heh! heh! heh!

Juu kule upepo ulikuwa mwanana, fuuu! Palikuwa na mkuyu wa kivuli, na chemchemi safi, ndogo kama sufuria.

"Hapa hapa!" akasema Kiboko. Akainama kuonja maji. Gluuu! Chemchemi yote ikaisha. "Matamu! Pimbi, funga virago. Kuanzia leo tunaishi sisi."

Kidawa akatazama pango lake. Watoto wale atawapeleka wapi, na mwewe wanazunguka angani? Na kupigana je? Ulimi tu wa Kiboko ulikuwa mzito kuliko yeye.

Akapiga kigelegele. "Lililililiii! Karibuni wageni! Ngojeni nikachukue mkeka wangu!"

Akaingia pangoni mbio. Makame alikuwa amejibanza ukutani, amewakumbatia watoto.

"Mume wangu, nikigonga jiwe, piga kelele za kutisha. Ulizia wageni."

"Kelele ninazo tayari," akanong'ona Makame. "Nilikuwa nazizuia tu."

Kidawa akatoka na mkeka kichwani, anaimba. Kiboko akamtazama, akashangaa.

"Mbona hulii?"

"Nilie nini, bwana? Miaka mitatu natafuta wa kumwachia mahali hapa! Heri nyinyi mna ngozi nene."

"Ngozi nene ya nini?" akauliza Kifaru.

"Aa, hakuna kitu. Kwaherini."

"We Pimbi! Sema!"

"Ni jirani tu. Jirani wa pangoni. Mpole sana, mpaka asikie njaa."

"Anakula nini?"

"Majani."

"Aaah!" Wote wawili wakashusha pumzi.

"Ndivyo alivyomwambia Twiga."

"Na Twiga yuko wapi?"

"Hata mimi najiuliza," akasema Kidawa. Akagonga jiwe kwa mguu. Ko! Ko!

"KWAAA! KWA-KWA-KWAAAA!" Sauti ikatoka pangoni, imekuzwa na mawe mara kumi. "NANI HAO? WANENE AU WEMBAMBA?"

"Wanene, bwana! Wawili!" akajibu Kidawa.

"Mimi si mnene!" akapiga kelele Kifaru. "Nimevimba tu!"

Lakini Kiboko hakukimbia. Akapanua mdomo wake mkubwa kama mlango wa ghala. "Mimi niogope sauti? Ngoja nimwone huyo jirani." Akapiga hatua moja kuelekea pangoni, gudu! Akapiga ya pili, gudu!

Makame akavuta pumzi apige kelele tena. Koo likamkauka. Ikatoka "kho! kho!" ndogo, kama ya mtoto mwenye mafua.

Kiboko akasimama. "Hiyo nini?"

Kidawa akautupa mkeka chini. "Yarabi!" akalia. "Mfupa wa Twiga umemkwama! Bwana Kiboko, una mkono mnene, hebu mpige mgongoni! Akikwamwa hivi hushika chochote kilicho karibu!"

"Mkono wangu unauma," akasema Kiboko.

Hao! Gudugudugudu! Kifaru, asiyeona vizuri, akagonga mkuyu, akauambia "Samahani, shangazi," akaendelea kukimbia.

"Nyuma ya kilima kuna kinamasi kisichokauka!" akawapigia ukelele Kidawa. "Jirani hapendi matope!"

Wakateleza wakaporomoka mpaka chini. Chubwi! Chubwi! Matope yakawafika mabegani, mazito, ya baridi.

"Hakuna upepo huku," akasema Kifaru.

"Hakuna," akasema Kiboko.

"Wala kivuli."

"Wala kivuli." Kiboko akafumba macho, akazama mpaka puani. "Kifaru, ndugu yangu, tusihame tena."

Kule juu, chemchemi ilikuwa imeanza kujaa tone kwa tone, na Kidawa alikuwa akimnywesha mumewe asali kwa ajili ya koo.

Basi, wanangu, anayehama achague mahali panapomfaa yeye, si mahali alipopatamani kwa sababu mwenzake anaishi vizuri hapo.