Kioo cha Ngedere Njia Panda

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hao wazee tu. Watoto mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na desturi yao. Aliyetangulia akifika njia panda, alikata tawi, akalilaza kwenye njia asiyoifuata. Aliye nyuma akiliona alijua: wenzangu hawakupita huku.

Mwaka mmoja ukame ukaja. Paa wakahama. Paa mmoja, Nyamizi, alibaki, mguu ulimuuma. Dada yake Milembe akamwambia, "Pona, mdogo wangu, unifuate. Nitakulazia tawi."

Nyamizi akapona. Akashika njia, ti! ti! ti!, hamu ya dada imemjaa. Akafika njia panda. Tawi hakuna! Hata jani! Pamefagiwa, panang'aa. Katikati kimesimama kioo kikubwa, na pembeni Ngedere na ufagio wake, fyaa! fyaa!

"Karibu! Kioo changu kinajua kila kitu. Uliza."

"Maji yako wapi?"

Ting! Kioo kikajibu: "Kulia, hatua mia tisa. Kushoto, hatua elfu mbili."

"Na dada yangu alipita wapi?"

Ngedere akakigonga kioo kwa mpini wa ufagio.

"Uliza lingine," akasema Ngedere. "Hilo sikulitia humo."

"Sina lingine. Matawi ya hapa yako wapi?"

"Takataka zile? Nimechoma."

Loo, Ngedere na werevu wake! Nyamizi akalia. Akalia, akalia, mpaka Ngedere akaona haya, ufagio ukamponyoka, pu!

"Nisamehe, dada. Nifanyeje?"

"Waache wapitao waseme wenyewe."

Ngedere akakitengeneza kioo upya, ili kila mpitaji akigusa, aache neno lake. Kobe akarudi kutoka kulia, akagusa: "Maji ya huku ni chumvi tupu. Msiende." Ngiri akatoka kushoto, akagusa: "Maji matamu, ila yuko fisi. Piteni wawili wawili." Wanyama wakaanza kungojana pale.

Lakini neno la Milembe halikuwapo. Yeye alishapita.

Nyamizi akapata mwenzake wa njia. Kabla ya kuondoka akagusa kioo kwa ukwato: "Dada Milembe, ni mimi Nyamizi. Nimepita kushoto. Kama uko mbele, punguza mwendo. Kama ulipotea, nifuate wewe sasa."

Basi wanangu, na nyie wakubwa: ukijenga mahali pa kuelekeza watu, usifute alama za waliotangulia. Mtu huelekezwa na mtu.

Hadithi yangu imefika hapo, ikakaa. Kama Milembe alilipata neno lile, mimi sikuambiwa. Natamani mno kujua.