Kiyoyozi cha Mwalimu Shekilindi

"Kabla hujajaza, tafuta panapovuja." Mmeisikia leo kikaoni, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Korogwe, kwenye gereji yangu, na chanzo chake ni hiki.

Mwalimu Shekilindi alikuwa amestaafu. Mkewe, Bi Mwanahija, aliugua presha, na kila mwezi Mwalimu alimpeleka kliniki Tanga kwa gari lao dogo. Joto lilimchosha sana mama yule, kwa hiyo Mwalimu alikijali kiyoyozi kuliko hata injini.

Siku moja wakiwa njiani kwenda Tanga, kiyoyozi kikaanza kutoa upepo wa moto. Mwalimu akapita kwa fundi wa barabarani, akajaziwa gesi, baridi ikarudi. Baada ya wiki chache, moto tena. Akajaza tena. Mara ya tatu alikuja kwangu, mkewe kajiinamia kwenye kiti cha mbele, uso umelowa jasho.

Nikamkalisha mama kwenye benchi, kivulini, nikampa maji. Kisha nikawasha gari. Feni ilizunguka vizuri na upepo ulitoka kwa nguvu, ila haukuwa na baridi.

"Jaza gesi, fundi, tuwahi," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, ujue imetoroka. Nikijaza leo bila kutafuta inapopitia, mwezi ujao utarudi."

Bi Mwanahija akacheka pale kwenye benchi. "Mwambie tena, baba. Mwambie polepole asikie."

Mwalimu akageuka. "Kuna nini, mke wangu?"

"Kila nikinyamaza unaniletea kitenge. Sanduku sasa halifungiki. Hujaniuliza hata siku moja kwa nini nanyamaza."

Mwalimu akakunja kitambaa chake cha jasho. Akaenda kukaa kando yake.

"Haya. Nakuuliza sasa."

Mama akaweka maji chini. "Uliuza cherehani yangu. Tuliporudi kutoka kliniki nikakuta pale ilipokaa ni peupe, mnunuzi kashaichukua. Daktari alisema nipunguze chumvi, Shekilindi. Hakusema niache kushona. Wanawake waliokuwa wakija kushonesha, tukizungumza mpaka alasiri, hawaji tena. Nimekaa kama kikombe cha wageni kabatini."

"Nilidhani nakupumzisha."

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kukugombeza."

Mimi nikainama kwenye injini, nikajifanya sisikii. Nilikuwa napaka maji ya sabuni kwenye mabomba, ungio moja baada ya jingine. Kwenye ungio la chini, karibu na kompresa, ile pampu ya gesi, mapovu yakaanza kuchomoza. Nikamwita Mwalimu aone. Kiringi cha mpira kilichoziba pale kilikuwa kimekauka na kupasuka, kitu kidogo kuliko pete ya mtoto. Nikaweka kipya, nikahakikisha hapavuji, ndipo nikajaza gesi. Baridi ikatoka.

Mwalimu akakiokota kile kiringi kilichopasuka, akakigeuza kiganjani. Halafu akamshika mkewe mkono, akamwingiza garini taratibu, wakaenda.

Juma lililofuata nilimkuta Mwalimu sokoni akiwauliza washonaji nani anauza cherehani ya miguu. Mtu aliyeinunua ile ya kwanza aligoma kuirudisha, basi Mwalimu alizunguka hadi Muheza, akapata nyingine. Bi Mwanahija alishona tena, asubuhi tu, na jioni akapumzika kwa hiari yake. Presha haikumtoka, lakini ukimya ulimtoka. Shati la kwanza alimshonea mumewe, kola ikapinda kidogo, na Mwalimu alilivaa kila Ijumaa.

Tangu hapo, mzazi akilalamika kwamba mwanawe ana kila kitu na bado ana huzuni, au kijana akisema amempa mchumba zawadi zote lakini hana furaha, Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole: kabla hujajaza, tafuta panapovuja.