Ngege wa Bwawa la Juu

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja aliyejisifu kwamba katika bwawa lake hajawahi kuingia mgeni.

Bwawani mlikuwa na ngege, samaki wa asili wa ziwa letu. Wale wa ziwani walishakwisha, wamechanganyika na samaki walioletwa kutoka mbali. Waliobaki ni wale tu ambao baba yake aliwavua zamani akawagawa: nusu bwawa la juu, kwa mwanawe huyu, nusu bwawa la chini, kwa binti yake. Siku ya kumzika baba huyo, kaka na dada waligombania nani aseme neno la mwisho kaburini. Tangu hapo hawakusemezana. Miaka kumi na mmoja.

Kisha ngege wa juu wakaanza kuzaliwa na mikia iliyopinda. Mayai yakaozea kinywani mwa mama zao, maana ngege huatamia kinywani. Akaja mtaalamu wa samaki, mwanamke kijana mwenye mabuti marefu. Akakata ncha za mapezi, ndogo kama ukucha wa mtoto, akazipeleka maabara kusoma vinasaba, yale maandishi ya ukoo ambayo kila kiumbe hubeba mwilini. Akarudi na majibu.

"Mzee, samaki wako wote ni kama watoto wa tumbo moja. Wanaoana ndugu kwa ndugu."

"Nimewalinda, mwanangu! Hajaingia mgeni hata mmoja."

"Ndiyo maana wanakufa, mzee."

"Basi niletee sato, wale walioletwa ziwani. Wana afya."

"Ukileta sato, utakuwa na samaki, ila ngege hutakuwa naye. Unahitaji ngege wengine. Nimewapima wa bwawa la chini: ni ngege kamili, na ukoo wao umekaa mbali na huu. Ndoo moja ipande, ndoo moja ishuke. Basi."

Mzee akatazama viatu vyake. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, akacheka: "Kumbe ni posa tu inayotakiwa, na mposaji mwenyewe kanuna!"

Hakwenda. Alisema, aanze dada, mimi ndiye mkubwa. Akangoja mavuno. Akangoja mvua. Walipobaki samaki wachache tu, alichukua ndoo akashuka.

Mahali pa bwawa la chini palikuwa na matope tu, na dada yake alikuwa akipanda magimbi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimefuata ngege."

Dada akaegemea jembe. "Wangu nao walipinda mikia. Mtaalamu aliniambia utakuja. Nikafagia njia, nikangoja. Waliobaki tumewala Jumapili iliyopita."

Jumapili iliyopita! Mnasikia? Na ndoo ilikuwa imetundikwa jikoni muda wote huo. Tuseme basi, ni nini kilichowaua ngege wale? Maji? Ugonjwa? Na huyo dada aliyefagia njia, yeye hakuwa na ndoo?

Sisi je? Viti vilevile, wazee wa kanisa kutoka nyumba zilezile tatu, na tangu mwaka juzi hatujabatiza mtoto hata mmoja. Ng'ambo ya barabara wako wenzetu waliotoka hapa kwa ugomvi wa kwaya. Nyamazeni kidogo. Mnawasikia? Wanaimba, na besi hawana. Sisi asubuhi hii tumeimba bila soprano.

Baraka ya mwisho leo sitaitolea hapa. Navuka barabara sasa hivi, wakiwa bado wanaimba.