Chai ya Severina

"Wivu huona chai, hauoni plagi." Mama yenu kawaambia hivyo, nanyi mmebaki kuchekeana. Haya, chekeni. Msemo huo una chanzo chake, na nusura kiue mtu.

Hapa hapa Njombe, kwenye baridi hii ya kung'ata mifupa, Severina aliweka tangi la samaki katika saluni yake. Majini akatia hita, kijiti cha kioo chenye waya wa umeme, samaki wasife kwa baridi. Wateja wakamiminika kutazama. Yusta, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, roho ikamuuma. Maharusi wote kwa Severina! Kwani yeye ana nini? Akanunua tangi na hita vilevile. Lakini kwenda kuuliza vinatumiwaje? Thubutu! Alichungulia tu dirishani.

Kila Jumatatu alimwona Severina akiinama nyuma ya tangi, kisha akiketi kunywa chai taratibu, ndipo achote maji machafu.

"Mtazame anavyojidai," Yusta alisonya. "Mie sina muda wa maringo."

Hatimaye bibi harusi mmoja akaja kwake, pamoja na shangazi yake. Wa kwanza tangu mwaka uanze! Yusta akataka maji yang'ae mbele yao. Akachota maji upesi upesi mpaka hita ikabaki juu, inawaka kavu, kisha akamimina maji baridi. Pah! Hita ikapasuka. Shangazi akapiga yowe. Samaki wakaanza kupinduka matumbo juu, na Yusta akanyoosha mkono kuwaokoa.

"Usiguse maji!"

Severina alikuwa ameingia mbio kwa lile yowe. Akazima swichi kubwa ya ukutani.

"Unataka kufa, mwenzangu?"

"Mbona wewe unatia mkono kila wiki?"

"Nachomoa plagi kwanza, Yusta! Hiyo chai nakunywa nikingoja hita ipoe. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Nikuulize wewe?" Yusta akaangua kilio. "Wewe uliyenimalizia wateja?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya maji, mkavu. Shangazi akaushika, akaurudisha kifuani pake.

"Macho unayo, mwanangu," akasema. "Ila wivu huona chai, hauoni plagi."