Gurudumu Hupimwa Limekunjwa

Gurudumu hupimwa limekunjwa.

Wasichana waliokuwa wakiosha tangawizi kwenye mfereji wa Ivuga waliusikia msemo huo kwa Shangazi Nakijwa, baada ya mmoja wao kumsifu mchumba wake kwamba hajawahi kukasirika hata siku moja.

"Umewahi kumnyima kitu anachokitaka?" Shangazi alimuuliza.

Msichana akacheka, akasema bado. Ndipo Shangazi akautoa msemo wake, akaendelea kusugua. Walipomng'ang'ania awaambie ulikotoka, alikung'uta maji mikononi akasema kwamba methali nyingi wenyewe wameshasahaulika, ila mwenye hii anajulikana, na kisa chake ni hiki.

Hapa hapa Ivuga, juu katika milima ya Upare, aliishi binti aitwaye Namkunda. Baba yake, Mzee Kajiru, alikuwa na Landrova kuukuu iliyo wazi nyuma, gari pekee kijijini. Mzee alipopata kiharusi mkono mmoja ukafa, usukani ulibaki kwa Namkunda, ambaye alikuwa amefundishwa kuendesha tangu mguu wake ulipoanza kuifikia klachi.

Kiangazi gari halikuwa na neno. Masika ndiyo yaliyolishinda. Maji yalichimba makorongo mawili pale magurudumu yanapopita, na katikati pakabaki tuta gumu kama mgongo wa ng'ombe. Landrova ikifika hapo ilikalia tumbo, magurudumu yakazunguka bure. Basi tangawizi iliozea majumbani, na wagonjwa walishushwa mlima kwa machela, mabegani mwa watu. Ndivyo alivyoshushwa mama yake Namkunda, na hakufika. Namkunda alikuwa ameshika mpini mmoja wa machela ile.

Baba yake mdogo, Mshana, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo tangu kaka yake augue. Siku moja alisema mbele ya wote, "Gari linalolala msimu wote wa mvua ni kuku asiyetaga. Wanunuzi wa chuma chakavu wako Same. Masika haya likikwama tena, linauzwa."

Namkunda hakubisha. Hakuwa mtu wa kubisha. Akiulizwa jambo mbele ya watu alitazama vidole vyake. Lakini kimoyomoyo alijiambia: halitakwama.

Alishuka Same kwa fundi mmoja aitwaye Senkoro, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Senkoro alilizunguka gari, akalala chini, akatoka na jibu.

"Mama, injini yako nzima. Hili gari limezaliwa na miguu mifupi tu. Livalishe magurudumu makubwa, tumbo litapanda, hilo tuta utalipita unaimba."

Matairi mapya ya kimo hicho Namkunda aliyakuta dukani. Aliyapapasa, akashukuru, akatoka. Bei yake haikuwa ya mtu wa tangawizi. Wakaanza kupita yeye na Senkoro kwenye yadi za malori yaliyokufa, wakiinama, wakigonga, wakinusa mpira ulioungua jua. Jingine lilikuwa limepasuka ubavu, jingine limekwisha kama kisigino cha ndala. Hatimaye, nyuma ya lori lililoota majani, wakayapata manne yenye kashata nene bado, yale meno ya kung'ata matope, pamoja na ringi zake. Mwenye yadi alikubali magunia ya tangawizi. Senkoro akachomoa na mabamba ya springi kwenye lori lile lile, akaongeza bamba moja kila upande ili bodi la Landrova linyanyuke kidogo.

Magurudumu yalipokaa, mtu aliweza kuchuchumaa na kuona upande wa pili wa gari. Senkoro alipitisha kiganja kati ya tairi na madigadi, bati linalolifunika kwa juu, akalisogeza gari mbele na nyuma pale uani, penye sakafu ya saruji.

"Limekaa kama bwana harusi!" akasema. Namkunda akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akalipandisha mlimani tupu, kwa njia ndefu ya upande wa msitu ambayo haina kona kali lakini hufungwa na matope mvua ikianza. Kijiji kizima kilitoka kulitazama.

Mawingu ya masika yalipotanda na manyunyu ya kwanza kulowesha udongo, wakapakia magunia, na kina mama watatu wakakaa juu yake. Mshana akaketi mbele, fimbo katikati ya magoti. Alitaka kuona kwa macho yake. Kwenye tuta, Landrova ilipita bila kugusa. Kina mama wakapiga vigelegele. Mshana alitoa kichwa dirishani kuhakikisha.

Baada ya tuta ndipo ilipo ile kona tunayoijua, inayojirudi kama mkono uliokunjwa, na bonde chini yake. Namkunda alikata usukani. Ulifika nusu ukagoma. Pakasikika mkwaruzo wa kutisha, harufu ya mpira ikajaa, na Landrova ikaendelea kwenda mbele, kuelekea bondeni. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama pua yake ikiwa juu ya majani ya ukingoni.

Mama Eliamini, aliyekuwa juu ya magunia, akasema, "Namkunda mwanangu, mimi nimepanda niende sokoni. Kwa marehemu mume wangu bado sijaitwa."

Mshana alishuka, akachoma fimbo ardhini. "Nilisema au sikusema? Hili ni jeneza lenye honi! Kesho namwita mtu wa vyuma."

Namkunda alirudisha gari nyuma taratibu mpaka penye usalama, akakinga magurudumu kwa mawe. Kina mama walikuwa wameshuka na kuanza kushusha magunia ili gari liwe jepesi, na lilipobaki tupu, Mshana mwenyewe aliingia akajaribu usukani. Ulizunguka mpaka mwisho, laini kama siagi.

"Ah! Mbona linakata?" akasema, sauti imeshuka. "Basi si gari. Ni wewe uliogopa."

Hapo, wanangu, mtu angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, niliogopa, akaondoka na gari tupu na heshima kidogo. Namkunda alitazama vidole vyake. Kisha akainua kichwa.

"Rudisheni magunia."

"Umesemaje?"

"Baba mdogo, nakuomba. Magunia yarudi yote, na kina mama wapande tena. Tulilipima gurudumu likiwa limenyooka na gari halina kitu. Hata mimi nikinyooka bila mzigo ni mrefu. Nataka nilione likiwa limekunjwa na limelemewa."

"Hapa? Kwenye kona?"

"Hapa ndipo linapogoma."

Mama Eliamini akajifunga kanga upya. "Tupande. Mawe si yapo? Uzito ninao, nilikuwa sijui kazi yake."

Wakapakia. Namkunda akamwomba Mshana ashike usukani, akate polepole. Yeye akachota udongo mwekundu uliolowa, akalipaka gurudumu lote kama anayekandika ukuta, akalala chini kwenye matope. "Kata, baba mdogo. Zaidi. Mpaka mwisho." Gari lililolemewa likainamia gurudumu, gurudumu likageuka, na kila lilipogusa chuma likaacha alama nyekundu. Pindo la madigadi lilikuwa na alama pana. Ndani, kwenye springi, palikuwa na alama nyingine ndogo ambayo hakuna aliyeitarajia. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili.

Alipotoka chini alikuwa mwekundu mpaka kope, na alikuwa anajua la kufanya.

Mmoja wa kina mama alitumwa kijijini kuleta msumeno wa chuma na sanduku la spana. Baragumu la msaragambo, la kuitia watu kazi ya pamoja, likapigwa, maana kwetu likilia kila mwenye mikono huja, hata aliyekuwa anakula. Wakakata pindo la madigadi wakifuata alama. Kwa springi, Namkunda aliitoa bolti inayozuia gurudumu lisikunjike kupita kiasi, akaivisha washa, vile vipete vya chuma, akairudisha ili ilizuie mapema kidogo, kabla halijagusa.

Mshana alikuwa amechuchumaa karibu, anatazama. "Ukilizuia mapema, kona halitaimaliza kwa mkupuo mmoja."

"Halitaimaliza, baba mdogo. Litarudi nyuma mara moja, kisha lipite."

Mshana akasimama, akawageukia watu wa msaragambo. "Mmesikia? Majembe! Chimbeni ukingo wa juu, kona iongezwe upana. Au mnataka binti huyu aibebe barabara mgongoni?"

Mvua yenyewe ilianza kabla hawajamaliza. Gari lilikuwa limejaa magunia, ila safari hii Namkunda hakukubali mtu yeyote apande. Mshana alisimama ukingoni, macho kwenye gurudumu. Namkunda alikata usukani mpaka ulipokataa. Hakuna kilichokwaruza. Akarudi nyuma mara moja, akakata tena, na Landrova ikaigeuka kona, nzito, polepole, matope yakiruka hadi kwenye ndevu za Mshana.

Alisimama ng'ambo, akafungua mlango. Mshana akapanda, akajifuta uso.

"Baba mdogo, unakwenda Same kumwita mtu wa vyuma?"

"Nakwenda kumwambia asipoteze mafuta yake kupanda huku."

Masika yale hakuna machela iliyotoka Ivuga. Mke wa Mshana mwenyewe alishushwa kwa Landrova uchungu ulipomshika, akapandishwa na mtoto mikononi.

Baadaye kilifanyika kikao cha kumchagua mwenyekiti wa chama cha wakulima. Watu walimsifu kijana mmoja: mpole, msikivu, ana maneno mazuri. Walikuwa karibu kumpitisha Mshana aliposimama, akaegemea fimbo yake.

"Ni kweli ni mzuri," alisema. "Lakini tumemwona akiwa amenyooka tu. Mpeni kwanza kazi ya kugawa maji ya mfereji wakati wa kiangazi, ndugu zake wakimtazama. Gurudumu hupimwa limekunjwa."

Wote waliokuwapo walikuwa wameshika jembe siku ile kwenye kona. Hakuna aliyeuliza maana yake.