Samahani Kabla ya Kengele

Kupotea njia ndiko kujua njia. Watu huitoa methali hii kumpoza aliyeshindwa, wakampigapiga mgongoni, kisha wakaenda zao kula. Mimi naona wanaipunja. Kupotea peke yake hakumfunzi mtu kitu. Aliyepotea hana budi kwanza akiri kwamba amepotea, na kukiri huko ni kuchungu kama shubiri. Larysa Hnatiuk wa mji wa Saskatoon, Kanada, aliuonja uchungu huo majira ya baridi alipopigana pambano lake la kwanza.

Larysa alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Mchana aliuza vipuri vya matrekta, na jioni alijifunza mchezo wa ngumi na mateke katika klabu ya kocha Murray Pelletier. Klabu ile ilikuwa na sheria moja iliyowafanya hata akina mama wenye wasiwasi wawaruhusu watoto wao kujiunga: ukimpiga mwenzako kwa nguvu mazoezini, unanyoosha mkono, unamgusa glavu, unasema samahani. Murray aliipenda sheria hiyo kuliko mikanda yake yote ya ushindi. "Hapa tunalea wanamichezo, hatufugi majambazi," alizoea kusema. Na kwa kuwa watu wa kule huomba radhi hata wanapokanyagwa wao, sheria ile haikumpa mtu taabu.

Siku ya pambano ukumbi ulifurika. Mpinzani wake alikuwa Jolene Fiddler wa mji wa Prince Albert, msichana mfupi, mkimya, mwenye macho makavu. Kengele ilipolia, moyo wa Larysa ulimwenda mbio, lakini miguu ilimtii. Alipiga teke la paja lililosikika mpaka viti vya nyuma. Kabla hajalifurahia, ngumi ya Jolene ilimtua tayani. Akapiga ngumi ya tumbo, safi kabisa. Ikamrudia nyingine usoni. Ikawa vivyo hivyo raundi baada ya raundi. Kila alipopiga vizuri alipigwa vizuri zaidi, naye hakuona ngumi zile zilikuwa zinapitia wapi. Katika raundi ya mwisho aliona nyota, goti likagusa sakafu, refa akamhesabia. Mwishowe mkono wa Jolene ndio ulioinuliwa.

"Umeibiwa, dada," alisema kaka yake Trent katika chumba cha kubadilishia nguo. "Yule jaji wa kushoto alikuwa anachezea simu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mateke mazuri yote yalikuwa yako," Murray akaongeza. "Mimi najua kuibiwa ni nini, mwanangu. Nimeibiwa mara nyingi. Machi tunarudi ulingoni, tutawaonyesha."

Maneno yale yalikuwa matamu, na Larysa aliyameza yote. Dukani aliwasimulia wateja jinsi alivyoibiwa, nao wakasikitika pamoja naye. Lakini kila alipotafuna, taya lilimuuma, tena la upande wa kushoto tu. Majaji walikuwa wameketi mbali. Hawakuwa wao waliolipiga taya lile. Hofu ikaanza kumtafuna. Akipanda ulingoni Machi bila kujua kosa lake, angepigwa tena vilevile mbele ya watu walewale, naye alijijua: hangerudi tena. Klabu ile ilikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuwa dada wa Trent wala yule binti wa vipuri. Kuipoteza kungemuua moyo.

Ndipo alipoamua kumtafuta Jolene.

"Yaani unaenda kumuuliza mwizi alipitia dirisha gani?" Trent alimcheka.

"Ndiyo. Yeye ndiye anayelijua."

Waliketi katika mkahawa mmoja wa Prince Albert, nje theluji ikipeperuka. Jolene alizungusha kikombe chake cha kahawa akimtazama Larysa kwa tahadhari. "Ulivyopiga simu, nilidhani unakuja na kaka zako kunifanyia fujo."

"Nimekuja peke yangu. Nina pambano Machi. Nataka uniambie ulikuwa unanipigaje."

"Kwani hujui?" Jolene alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mhudumu akageuka. "Wewe, kila ukinipiga ulikuwa unaniomba radhi!"

"Nikuombe radhi? Mimi?"

"Mkono huu hapa." Jolene alinyoosha wa kushoto juu ya meza, na shavu lake likabaki wazi. "Mara ya kwanza nilidhani unanikejeli. Ya pili nikasema, kumbe mwenzangu amelelewa vizuri. Baada ya hapo nilikuwa namwomba Mungu unipige, ili mlango ufunguke niingie."

Uso wa Larysa uliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Jolene alipomwona hivyo aliacha kucheka. "Nisingekuambia kama tungekutana tena," alisema. "Bahati yako nimeongeza kilo, napigana uzito mwingine sasa."

Njia nzima ya kurudi Larysa aliumwa na jambo jingine. Kosa lilikuwa limejulikana, lakini lilikuwa limetoka kwa Murray. Mzee yule alimfundisha bila malipo miezi ile Larysa alipokuwa ameachishwa kazi. Angemwambiaje kwamba alichojivunia ndicho kilichomwangusha?

Alimkuta klabuni akitundika begi la kupigia ngumi. "Kocha, hatukuibiwa," akasema, na kabla ujasiri haujamtoka, akamweleza yote.

Murray aliiva uso. "Kwa hiyo adabu ndiyo iliyokupiga? Watu wananisifu kwa sheria hiyo tangu hujazaliwa. Wewe pambano moja tu, tayari profesa?"

"Sibishani na wewe, kocha. Panda na mimi raundi moja."

"Larysa, nina miaka hamsini na nane."

"Basi nitakwenda polepole."

Waliokuwa wakiruka kamba waliacha. Murray alipanda akiwa na hasira, na mwili wake ulikuwa bado haujasahau kazi. Alimsukuma Larysa hadi kwenye kona, akamtandika teke la paja lililomfanya akaze meno. Papo hapo mkono wa kushoto wa Murray ukatoka. "Sama..." Hakulimaliza. Ngumi ya Larysa ilipita juu ya mkono ule ikamgonga tayani.

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpiga Murray namna ile. Neno samahani lilimjia Larysa mdomoni, lakini mikono yake ilibaki juu.

"Tena," Murray alisema kwa sauti nzito.

Safari hii alijua anachotegewa. Alizunguka, akavizia, akapiga ngumi nzuri ya mbavu, na mkono ukatoka wenyewe. Ngumi ya Larysa ikamfika palepale.

Murray alivua glavu taratibu, akaketi kwenye ukingo wa ulingo. Akajipapasa taya. "Mjini Regina," alisema hatimaye. "Pambano la ubingwa. Kila nikimpata yule bwana nanyoosha mkono, naye ananirudishia. Niliwatukana majaji mpaka walinzi wakanitoa nje. Nimewatukana miaka thelathini, Larysa."

"Kocha..."

"Usinipoze. Hawakuniibia."

Larysa alimwonea huruma mpaka machozi yakamlenga. Aliketi kando yake, wala hakutafuta la kumwambia, maana alikuwa ameshaijua kazi ya maneno matamu.

Kuanzia jioni ile sheria ilibadilika: samahani ni baada ya kengele. Larysa alifanya mazoezi akiwa amebana kitambaa kati ya glavu ya kushoto na shavu. Kitambaa kikianguka, Murray anamrudisha mwanzo, na kilianguka sana. Machi ilipofika, teke lake la kwanza zuri lilimpata mpinzani pajani. Larysa aliusikia mkono ukitaka kwenda. Aliukandamiza shavuni kwa nguvu zake zote, na ngumi iliyokuja ikaishia kwenye glavu. Walipambana hadi kengele ya mwisho, na safari hii refa aliinua mkono wa Larysa. Ushindi ulikuwa mwembamba. Trent hata leo anadai jaji mmoja alitaka kuwaibia.

Larysa alishindwa mara moja, akakiri, na kabla ya theluji kuyeyuka alikuwa ameshajua pa kupita. Murray alizunguka miaka thelathini akiapa kwamba waliokosea ni wengine. Mwamuzi wa mambo haya ni mmoja tu, ile methali ya wahenga, naye alitoa hukumu yake zamani: kupotea njia ndiko kujua njia, kwa yule anayekubali kwamba amepotea.