Kuku Wawili Kwenye Viti vya Mapacha

Hii nimeikuta kwenye kundi la ukoo, na aliyeituma si mtu wa kutuma upuuzi. Isome taratibu. Ukimaliza, mpelekee mwanamume yeyote anayejiandaa kununua gari la familia, hasa yule anayejiona anajua kila kitu.

Mjini Singida alikuwepo fundi seremala aitwaye Msengi. Kwa vitanda na makabati hakuwa na mpinzani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Futi yake ya kupimia ilining'inia kiunoni siku zote, hata kanisani. Akiingia nyumbani kwa mtu kusalimia tu, macho yake yalikuwa yameshapima mlango na madirisha kabla hajakaribishwa kiti.

Mke wake, Perpetua, alijifungua mapacha wa kiume, wakaitwa Kulwa na Doto. Kulwa alizaliwa na nguvu zake. Doto alikuwa mdogo, na kifua chake hakikuwa sawa. Mara nyingine maziwa yalimpalia, midomo ikabadilika rangi, na hapo ilibidi anyanyuliwe mara moja, alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikielekea chini, apigwe mgongoni kwa kiganja mpaka pumzi irudi. Daktari alimfundisha Perpetua kufanya hivyo, naye alikuwa ameshafanya mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka.

Daktari huyo huyo akawaeleza kwamba arobaini ikiisha, watoto wapelekwe kila wiki kwenye hospitali kubwa ya mkoa wa jirani, safari ya saa kadhaa.

"Na garini mtoto hapakatwi," alisema. "Kila mmoja awe na kiti chake. Mama akae karibu na huyu mdogo, macho yasimtoke."

Dada yake Perpetua akawatumia viti viwili kutoka Dar es Salaam, vile vya watoto wachanga ambavyo mtoto hulala akitazama nyuma ya gari. Kilichobaki ni gari lenyewe. Msengi alikuwa ameuza kiwanja chake, na hakuwa na kingine cha kuuza. Gari ambalo angelinunua, lifae lisifae, ndilo lingempeleka Doto hospitali.

Hakuchukua muda kulipata. Lilikuwa gari la juu, jeusi, lenye vioo vya giza, na rangi yake ilimeta hata penye kivuli. Dalali wake, Mrisho, alikuwa mtu wa maneno matamu.

"Fundi, hili ukipita nalo sokoni, watu watauliza ni nani huyo," alimwambia.

Msengi alijua wazi kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mafuta yenyewe yalinukia. Hata hivyo, hakuwa mjinga. Akatoa futi, akapima kiti cha nyuma. Katikati palikuwa na mwinuko, na mkanda wa pale ulikuwa wa kiunoni tu, kiasi kwamba kiti cha mtoto kingeyumba. Basi viti vya watoto vingekaa milangoni, kimoja huku na kimoja kule, na mama angekaa katikati yao. Akarudi nyumbani kumpima mama.

Alimkuta Perpetua amekaa kwenye stuli, ananyonyesha. Akamzungushia futi nyongani.

"Baba Kulwa, unanishonea gauni?" Perpetua alimuuliza.

"Tulia, nipo kazini." Akasoma futi, akatabasamu. "Unaenea. Na nafasi ya vidole viwili inabaki."

"Ninaenea wapi?"

"Kwenye gari letu. Nimeshalipata, Mama Kulwa. Na ukiliona, utasahau uchungu wote wa kujifungua."

Perpetua aliendelea kunyonyesha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Msengi alikuwa amejifunza kuogopa kimya chake kuliko kelele za watu wengine.

"Kuna jingine hapo?" aliuliza.

"Kuna moja refu la rangi ya majivu, lenye mlango wa kuvuta. Lilikuwa la kwaya fulani. Hata sikulipima. Nikufikishe hospitali kama mwanakwaya aliyepotea?"

Perpetua angependa kwenda kuyaona mwenyewe, lakini arobaini ilikuwa haijaisha, na mama yake mzazi, aliyekuja kumlea, alikuwa amekaa mlangoni kama askari. Aliyejifungua hatoki. Hilo halikuwa na mjadala.

Sasa, nyumba yenye mzazi haikosi kuku. Kila ndugu aliyekuja kuwaona watoto alikuja na kuku wake kwa ajili ya supu, na uani walikuwa wamejaa. Perpetua akamwita mama yake, akamwomba amkamatie wawili: mmoja mweupe, mmoja wa madoa.

"Baba Kulwa," alisema, "sina neno na gari lako. Ila kabla hujalilipia, nifanyie jambo moja. Chukua viti hivi na kuku hawa. Mweupe ni Kulwa. Wa madoa ni Doto. Wafunge mikanda kama watoto. Mwombe Mjomba Kitundu aendeshe, wewe ukae katikati, mahali pangu. Mwende, mgeuze, mrudi. Ukirudi bado unalitaka, linunue."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na simu yako iwe karibu."

Msengi alicheka njia nzima. Kuku kufungwa mkanda! Lakini mtihani ulikuwa mwepesi, na mke akitaka mtihani mwepesi, mume mwenye akili haubishii. Mjomba Kitundu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye malori, alifurahi kupewa usukani. Mrisho akaketi mbele kando yake. Viti vikafungwa, kuku wakafungwa, na Msengi akapanda juu ya kiti cha kuku wa madoa, akajishusha katikati. Alienea. Vidole viwili vilibaki, kama alivyosema.

"Umeona?" alimwambia Mrisho. "Mimi huwa sikosei kipimo."

Gari likaondoka, tulivu, halina hata mlio. Watu barabarani waligeuka kutazama. Msengi akakunja mikono kifuani na kujiona tayari ni mtu mwingine.

Walipokuwa nje kidogo ya mji, simu ikalia.

"Baba Kulwa," ilikuwa sauti ya Perpetua, na haikuwa na mzaha. "Doto amepaliwa. Mnyanyue."

Msengi alimgeukia kuku wa madoa. Akatupa simu mapajani, akanyoosha mkono kufungua mkanda, na kiwiko kikagonga kiti cha kuku mweupe. Akajaribu mkono wa pili, ukabanwa na mwili wake mwenyewe. Mkanda ulipofunguka, akamvuta kuku, lakini hakuwa na mahali pa kumlaza. Magoti yake yalikuwa yamebanwa huku na kule. Hakuweza kuupeleka mkono nyuma ili apige mgongo. Kuku akapiga mabawa, manyoya yakamwingia mdomoni.

"Umemnyanyua?" simu iliuliza.

"Bado. Mjomba, simamisha gari! Nifungulie!"

Mjomba Kitundu akaegesha, akashuka, akazunguka, akafungua mlango. Lakini mlangoni palikuwa na kiti cha mtoto, kimefungwa imara kama Msengi mwenyewe alivyokifunga. Kutoka, ilibidi apande juu yake, na kupanda na kuku mkononi hakukuwezekana. Mrisho alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Umemnyanyua, Baba Kulwa?"

Hapo Msengi aliacha kusikia kicheko. Alimwona Doto, si kuku. Aliiona ile midomo midogo. Jasho jembamba likamtoka ndani ya gari lenye ubaridi kama friji. Aliogopa, na ilikuwa hofu ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe, kwa sababu alielewa kwamba kama huyu angekuwa mwanawe, muda ule angekuwa ameshakufa, na mama yake angekuwa amemwona akifa, amekaa kando yake, hawezi kuinua mkono.

"Sijamnyanyua," alisema.



"Basi rudini," Perpetua alisema. "Chakula kitapoa."

Msengi hakurudi kwanza kula. Alimwambia Mjomba Kitundu ageuze gari mpaka yadi. Pale alimrudishia Mrisho ufunguo mkononi.

"Fundi, usiharakishe," Mrisho alisema. "Kuna mtu mwingine analitaka hili. Jioni hulikuti."

"Mpe. Nionyeshe lile la kwaya."

Mrisho alidhani anataniwa. Lile refu la rangi ya majivu lilikuwa nyuma kabisa, vumbi limelikalia, na kwenye dari lake mtu alikuwa amebandika karatasi ya noti za wimbo. Msengi alivuta mlango. Safu ya kati ilikuwa na viti viwili vilivyoachana, na kati yao palikuwa na njia ya mtu kupita mpaka kiti cha nyuma.

Safari hii hakutoa futi. Alifunga viti vya watoto kwenye safu ya kati, akawafunga kuku, akapita ile njia, akaketi kiti cha nyuma. Kisha akainua mkono, gari lisiondoke kwanza.

"Kulikoni tena?" Mjomba Kitundu aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Wananitazama," Msengi alisema.

Ni kweli. Viti vile vilitazama nyuma, na kwa hiyo kuku wote wawili walikuwa wamemkodolea macho. Kwenye lile jeusi alikuwa amekaa bega kwa bega nao, akiona ubavu tu. Hapa angeuona uso wa Kulwa na uso wa Doto kwa pamoja, pumzi hata pumzi. Hakuna futi iliyowahi kumwambia jambo hilo.

Wakaondoka. Gari lilikuwa na mlio wake, na barabarani hakuna aliyegeuka kuangalia. Msengi aliishika simu mkononi, akiisubiri. Haikulia. Akasubiri. Mwisho akapiga yeye.

"Mama Kulwa, mbona huniambii Doto amepaliwa?"

"Uko kwenye gari gani?"

"La kwaya."

"Na unawaona?"

"Wote wawili. Usoni."

"Basi huo mtihani umeshafaulu. Lakini kama roho yako haijatulia, haya: Doto amepaliwa."

Msengi akafungua mkanda, akamnyanyua kuku wa madoa, akapiga goti katika ile njia, akamlaza kifudifudi juu ya mkono na kumpiga mgongoni kwa kiganja, vizuri, kama daktari alivyofundisha. Kuku alikasirika na kumdonoa. Mjomba Kitundu alimtazama kwenye kioo na kusema kwamba katika miaka yake yote ya malori amebeba kila aina ya mzigo, lakini abiria wa namna hii hajawahi.

Gari likanunuliwa siku hiyo hiyo. Majirani walisema waliyosema. Mmoja aliuliza kama fundi ameanzisha biashara ya kubeba abiria, na mwingine aliomba lifti ya kwenda mazoezi ya kwaya. Msengi aliwaitikia wote na kuendelea kulifuta vumbi.

Arobaini ilipoisha, wakaanza safari ya kwanza ya hospitali. Msengi aliendesha. Kulwa na Doto walikuwa safu ya kati, na Perpetua nyuma, akiwatazama. Waliuacha mji, wakapita mashamba ya alizeti, na watoto wakalala.

Walikuwa mbali na mji wowote pale Doto alipocheua. Msengi alisikia kikohozi kimoja kidogo, kisha hakusikia kingine.  Alikanyaga breki, gari likasogea pembeni, na akageuka, mdomo umeshafunguka kumwita mkewe.

Perpetua alikuwa ameshapiga goti katika ile njia ya kati ya viti. Doto alikuwa amelala juu ya mkono wake, kichwa chini, na kiganja chake kilikuwa mgongoni mwa mtoto. Haukupita muda, Doto akalia, kilio cha hasira na chenye pumzi tele.

Msengi aliegemeza paji la uso kwenye usukani na kulia pamoja naye.

Perpetua alimfuta mtoto mdomo, akamrudisha kwenye kiti chake, akamfunga mkanda, na kurudi kukaa mahali pake.

"Endesha, Baba Kulwa," alisema. "Daktari anatusubiri."

Funzo: Unapomtafutia mwenzako nafasi, usitosheke kuona kwamba anaenea. Kaa kwanza mahali pake, ufanye kazi atakayoifanya pale, ndipo uamue.